Kishikwambi kilichokosekana Kigoma: uchambuzi wa kisa kimoja cha zawadi ya Krismasi

Mwishoni mwa Oktoba 2024, matokeo ya mtihani wa darasa la saba yalipotangazwa, mpwa wangu anayeishi mjini Kigoma alikuwa amefaulu vizuri, na mama yake, ambaye ni dada yangu mkubwa, akawa na ahadi ya kutimiza. Ahadi yenyewe aliitoa mwezi Juni mbele yangu, kwa maneno haya: "Ukifaulu, Krismasi hii utapata kishikwambi chako mwenyewe." Nayanukuu maneno hayo kama yalivyotamkwa kwa sababu sehemu kubwa ya yaliyotupata baadaye ilichipuka humo. Ilikuwa ahadi ya kitu, na papo hapo ilikuwa ahadi ya siku. Kitu kinaweza kutafutwa mpaka kipatikane, lakini siku haisogei.

Kisa hiki nakiandika kwa ridhaa ya dada yangu. Yeye ni muuguzi, mwenye zamu za usiku zisizopungua mbili kwa wiki. Shemeji yangu anafanya kazi upande wa Uvinza na hurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Tabora, na ndimi niliyechochea hamu ya mtoto bila kukusudia. Neno kishikwambi, yaani tableti, lilienea midomoni mwa watu wengi wakati wa Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba wakiwa navyo mkononi. Baada ya sensa Serikali iliwagawia walimu vifaa hivyo, nami nikapata kimoja. Likizo ya Juni 2024 mpwa wangu alikuja kukaa kwangu wiki tatu, na kwa muda wote huo alikitumia mbele yangu kufanya maswali ya mitihani iliyopita na kusoma vitabu nilivyokwisha kuvipakua. Kifaa changu ni mali ya umma, hakiwezi kuwa zawadi ya mtu. Ndipo mama yake akatoa ahadi ile.

Dada alichagua Samsung Galaxy Tab A9+, na sababu alizonipa zilikuwa za maana: kioo cha inchi 11 kinachotosha kusoma ukurasa mzima wa kitabu bila kuukuza, betri ya mAh 7,040, na nafasi ya kuongeza memori kadi. Kifaa hicho kilitoka Oktoba 2023 kikiwa cha aina mbili. Aina ya kwanza hutumia waifai peke yake, na namba yake ya modeli ni SM-X210. Ya pili inapokea laini ya simu, na namba yake ni SM-X216. Dada aliitaka ya pili, kwa hoja kwamba nyumbani hakuna waifai, na yeye akiwa zamu ya usiku simu yake anaondoka nayo. Bajeti yake ilikuwa shilingi 750,000, fedha alizoziweka kidogo kidogo tangu Julai.

Jumamosi ya tarehe 30 Novemba alizunguka maduka manne, mawili Mwanga na mawili Barabara ya Lumumba. Jibu lilikuwa moja kila alikoingia: zimeisha.

Inafaa kulitazama neno hilo kwa makini, kwa sababu maana yake Kigoma si ile ambayo mtu aliyezoea miji mikubwa angeidhania. Agosti 2011 kampuni ya HP ya Marekani ilipotangaza kuachana na kishikwambi chake cha TouchPad, kilichokuwa kimeingia sokoni Julai mwaka huohuo kwa dola 499, na bei ikashushwa hadi dola 99, mzigo ulimalizika madukani ndani ya siku chache. Huko bei ndiyo iliyoumaliza mzigo. Barabara ya Lumumba bei haikushuka hata shilingi moja. Mzigo ulimalizika kwa sababu tangu mwanzo ulikuwa vishikwambi vitatu. Mwenye duka mmoja alimweleza dada waziwazi kwamba alivileta Septemba, kimoja akakiuza kwa mtumishi wa halmashauri, na viwili vilivyobaki vikachukuliwa siku moja na mfanyabiashara aliyevuka ziwa kutoka Uvira, Kongo.

Simlaumu mwenye duka kwa kuleta vitatu. Kishikwambi kimoja cha shilingi 750,000 hufunga mtaji ambao ungenunua simu ndogo kumi za bei ya chini, na simu ndogo kumi kwa mji wetu huisha ndani ya wiki, wakati kishikwambi kinaweza kukaa kabatini miezi miwili kikipauka boksi. Mzigo wenyewe unatoka Kariakoo, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na duka la ukubwa ule haliagizi kila siku. Husubiri oda zifike kiasi cha kulipa safari. Kwa hiyo mwenye duka alipomwambia dada, "Mzigo unaingia wiki ijayo," hakuwa akisema uongo, na wala hakuwa akiahidi. Maana ya kauli hiyo ni kwamba mzigo utaingia iwapo watu watatu au wanne watalipa advansi wiki hii. Dada aliisikia kama ahadi. Alirudi Jumamosi iliyofuata, akaambiwa wiki ijayo.

Safari hiyo ya pili mwenye duka alimwomba advansi ya shilingi 200,000 ili aingize jina lake kwenye oda. Dada alikataa. Aliniambia kwenye simu, "Mdogo wangu, siwezi kumpa mtu fedha zangu hajaniambia tarehe." Nilimwona ana hoja, na nikamwambia hivyo. Leo nadhani hapo ndipo tulipoteleza kwa mara ya kwanza, kwa sababu mtu aliyekuwa akiomba fedha hizo alikuwa na duka lenye bango, leseni ukutani na mashine ya EFD ya kutolea risiti za kodi mezani, na dada angeweza kumkuta pale asubuhi yoyote. Fedha aliyomnyima mtu huyo aliitoa siku mbili baadaye kwa mtu ambaye hakuwahi kumwona.

Jumatatu ya tarehe 9 Desemba alikutana na tangazo kwenye ukurasa mmoja wa mtandaoni: Galaxy Tab A9+, ya laini, mpya, boksi lenye sili, "ofa ya Krismasi" shilingi 560,000, mzigo uko Dar es Salaam, unatumwa mikoa yote kwa basi. Aliandika, akajibiwa baada ya dakika mbili kwa adabu kubwa, akaitwa "mama angu" na "dada angu mpendwa". Akaambiwa alipe shilingi 250,000 kwanza ili apangiwe kifaa, nyingine amalizie mzigo ukishafika stendi ya Masanga. Alituma kwa simu. Kabla hajathibitisha, jina la mpokeaji lilitokea kwenye kioo kama kawaida, na halikufanana hata kidogo na jina la ukurasa. Aliuliza. Akajibiwa kwamba hiyo ni namba ya mhasibu. Akabonyeza.

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi, kwa sababu dada yangu hahitaji kufundishwa uangalifu. Kazini kwake husoma lebo ya dawa anapoitoa kabatini, huisoma tena anapoivuta kwenye sindano, na huisoma mara ya tatu kabla ya kuirudisha chupa. Ni mazoea ya miaka kumi na sita na hayaachi hata akiwa amechoka saa kumi alfajiri. Mtu wa namna hiyo ameuona mwenyewe utofauti wa majina, ameuulizia, kisha ameukubali kwa jibu la maneno matano. Tena ni Mtanzania kama sisi sote, ambaye ameshapokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" mara zisizohesabika na kuufuta bila kuusoma hadi mwisho. Hakukosa maarifa. Siku zilizobaki zilikuwa kumi na sita, maduka yalikuwa yamemjibu "wiki ijayo" mara mbili, na nyumbani mtoto alikuwa ameanza kuhesabu siku kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu. Mwenyewe aliniambia baadaye kwamba alipobonyeza hakuwa akiwaza kishikwambi, alikuwa akiiwaza ile kalenda.

Mimi nilijua habari hiyo tarehe 12, muuzaji alipoanza kudai fedha iliyobaki kinyume na makubaliano. Alisema mabasi ya sikukuu yamejaa, kwamba parseli bila malipo kamili hazipokelewi, kwamba kifaa kimebaki kimoja na kuna mteja yuko njiani kuja kukichukua. Ili kumthibitishia dada, alituma picha ya boksi jeupe likiwa juu ya meza, na juu yake karatasi yenye jina la dada na maneno "Kigoma, Masanga" kwa maka peni. Dada alinitumia picha hiyo akiwa na furaha.

Niliikuza. Kwenye ubavu wa boksi palikuwa na lebo ndogo yenye mistari ya msimbo, na ingawa maandishi yalikuwa yamefifia kidogo, namba ya modeli ilisomeka: SM-X210. Ile ni ya waifai tu. Ina tundu la memori kadi, lakini laini ya simu haina pa kukaa. Nilimpigia dada nikamwomba aulizie jambo moja tu, yaani namba ya IMEI. Kila kifaa kinachopokea laini kina namba hiyo ya tarakimu 15, na kwa vifaa vipya huchapwa kwenye lebo ya nje ya boksi, kwa hiyo muuzaji wa kweli anaweza kuisoma bila kugusa sili. Ukiipata unaituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, mfumo wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, nawe unajibiwa kifaa hicho ni cha aina gani. Jibu likitaja simu ndogo ya kampuni nyingine, hadithi imeishia hapo. Utaratibu huo ulikuwapo tayari mwezi Juni 2016, pale simu bandia zilipozimwa nchini, na kwa kifaa ambacho tayari kiko mkononi namba yenyewe hupatikana kwa kubonyeza *#06#.

Muuzaji alijibu: "Dada angu boksi lina sili, tukifungua tutakuharibia zawadi."

Jibu hilo lilitosha. Ama hakujua bidhaa anayoiuza, ama picha haikuwa yake, na kwa vyovyote vile shilingi 310,000 zilizobaki hazikupaswa kwenda. Dada aliomba arejeshewe fedha zake. Aliambiwa asubiri mhasibu. Kufikia tarehe 16 namba ilikuwa haipatikani. Tuliripoti namba hiyo kwa ujumbe kwenda 15040, ambako taarifa za namba za utapeli hupokelewa. Dada akafika kituo cha polisi na kuandikisha maelezo, akipeleka mazungumzo yote na picha ile. Mtoa huduma wa fedha alimweleza kwamba fedha zilitolewa kwa wakala dakika chache baada ya kupokelewa. Hazijarudi.

Wakati huo mimi nilikuwa nikitafuta Tabora, na sehemu hii ya kisa inanihusu mwenyewe zaidi kuliko dada. Tabora ni njia panda: reli inayotoka Dar es Salaam hupita kwetu kabla ya kufika Kigoma, na tawi la kwenda Mwanza huanzia hapahapa, hivyo mara nyingi mizigo hufika kwetu mapema kidogo. Tarehe 13 Desemba nilikipata kishikwambi katika duka moja katikati ya mji. Kilikuwa SM-X210, boksi zima, shilingi 640,000 pamoja na risiti ya EFD na waranti ya mwaka mmoja iliyoandikwa. Nilimpigia dada nikiwa nimesimama pale dukani. Alisema, "Hicho hakina laini, mdogo wangu. Atakisomeaje nikiwa zamu?" Sikubishana naye. Aliyekwisha kupoteza shilingi 250,000 siku nne nyuma hasukumwi anunue kitu ambacho anaamini si chenyewe. Wala sikumuuliza lile swali ambalo nilipaswa kuuliza, na ambalo nitalirudia hapo chini. Nilipopita pale tena tarehe 19 kilikuwa kimenunuliwa.

Jumamosi ya tarehe 21, zikiwa zimebaki siku nne, muuza simu mwingine alinitolea kishikwambi cha jina nisilolijua, kioo inchi 10, kikidai kuwa na ujazo wa GB 256, kwa shilingi 230,000. Bei hiyo ilinivuta kwa sababu sasa fedha zilikuwa pungufu, na nakiri kwamba niliishika noti mkononi. Nilikuwa na laptopu begini yenye video za masomo ya sayansi tulizozikusanya shuleni, nikamwomba aniruhusu ninakili chache. Alikubali bila wasiwasi wowote, jambo linalonifanya niamini kwamba naye alikuwa ameuziwa hivyo hivyo. Video za mwanzo zilikwenda vizuri. Zilipofika kama GB 11 kasi ilianza kushuka, kisha kunakili kukaendelea kana kwamba hakuna tatizo, mpaka tukafika GB 20. Nikafungua video ya kwanza, ikacheza. Nikafungua ya mwisho, ikaonyesha kioo cheusi. Nikafungua nyingine tano za katikati, tatu hazikufunguka. Kifaa kilikuwa na ujazo mdogo kabisa, nacho kimepangwa kionyeshe GB 256 kwenye mipangilio. Kikijaa huendelea kupokea na kutupa kinachopokelewa. Mtoto angekigundua Februari, vitabu vyake vikiwa vimepotea, na angedhani amekosea yeye. Muuzaji alikirudisha kabatini akiwa kimya. Sikumsema, alikuwa amefadhaika kuliko mimi.

Jioni ile nilimpigia mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni winga Kariakoo, mmoja wa vijana wanaosimama maeneo ya Mtaa wa Aggrey na kuwaunganisha wateja na maduka kwa kamisheni. Baada ya saa moja alinijibu kwamba SM-X216 ipo, shilingi 760,000, na akanisomea IMEI yote bila kuombwa mara mbili. Niliituma kwenda 15090, jibu likaja sahihi. Ikumbukwe basi kwamba kufikia tarehe 21 Desemba kile kifaa kilichosemekana kimeisha kilikuwa kimepatikana, tena cha aina ileile aliyoitaka dada. Kilichokuwa kimeisha ni fedha. Kwenye akiba ya shilingi 750,000 zilibaki 500,000, na hata kama ningejazia mimi, winga mwenyewe alinionya kwamba parseli za wiki ile zilikuwa zikilala stendi siku mbili hadi tatu kabla ya kupata basi. Ndiyo maana nasema kuadimika kwa bidhaa peke yake kulikuwa na madhara madogo katika kisa hiki. Oda iliyolipiwa advansi dukani tarehe 7 ingefika, kwa kuchelewa labda, lakini ingefika. Hasara ilitokana na kutaka kuadimika huko kuishe kabla ya tarehe 25.

Jumapili ya tarehe 22 tulikubaliana kumwambia mtoto. Dada aliogopa mazungumzo hayo kuliko alivyoogopa kwenda polisi, akaomba niwepo kwenye simu, sauti ikiwa juu. Alimweleza kila kitu, pamoja na fedha zilizopotea, bila kupunguza. Mpwa wangu alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza, "Kwa hiyo kile cha Tabora hakikuwa kizuri?" Mama yake akamjibu kwamba kilikuwa kizuri ila hakikuwa na laini. Mtoto akasema, "Lakini mama, hata cha mjomba hakina laini."

Ilikuwa kweli. Kishikwambi changu kina nafasi ya laini, lakini tangu kabla ya Juni ile sijaweka laini humo. Natumia hotspoti ya simu yangu ninapotaka kupakua kitu, kisha nafanya kazi bila intaneti. Wiki tatu zote za Juni mpwa wangu alisoma hivyo, na alipoomba kishikwambi aliomba cha namna ile. Sharti la laini liliingizwa na sisi watu wazima, kwa hoja iliyosikika kuwa ya busara, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza anataka kukifanyia nini. Hilo ndilo swali nililopaswa kumuuliza dada tarehe 13 nikiwa nimesimama dukani na boksi mkononi. Vitabu vya kiada vinapatikana bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania na vinaweza kupakuliwa mara moja vikabaki. Mitihani iliyopita ya Baraza la Mitihani ni hivyo hivyo. Siku moja ya mapumziko ya dada, kwa hotspoti ya simu yake, inatosha kujaza masomo ya muhula mzima. Kuna faida nyingine pia, ambayo dada aliiona mwenyewe baada ya kutulia: mtoto wa miaka kumi na tatu anayebaki nyumbani usiku na mdogo wake hana haja ya intaneti iliyo wazi saa nane za giza wakati mama yuko wodini.

Naweza kutetewa kwamba tusingejua. Sikubaliani na utetezi huo. Mahitaji ya mtoto yalikuwa yameonekana wazi mezani kwangu kwa wiki tatu, na mimi ni mwalimu. Tulishikilia modeli kwa sababu modeli ni rahisi kuitaja dukani, na tulishikilia tarehe kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye ahadi. Laiti ahadi ya Juni ingekuwa "ukifaulu tutakutafutia kifaa cha kusomea kabla hujaenda sekondari", tungekuwa na wiki tatu zaidi, bei nafuu zaidi, na aina mbili za kuchagua badala ya moja. Wapo watakaosema kwamba mtoto anastahili kuiona sikukuu na zawadi yake mkononi. Nakubali kabisa, na nisingependa kisa hiki kisomwe kama hoja dhidi ya zawadi za Krismasi. Kilichohitajika siku ile ni kitu cha kushika, na kitu cha kushika si lazima kiwe cha shilingi 700,000.

Tarehe 23 nilinunua memori kadi ya GB 64 ya kampuni inayojulikana, nikaijaribu kwa kuijaza hadi mwisho na kufungua faili moja moja, somo nililolipata juzi yake. Kisha nikaweka humo vitabu vya kidato cha kwanza, mitihani ya miaka mitano, na video zile za sayansi. Niliisafirisha kwa mkono wa mwalimu mwenzangu aliyekuwa akipanda treni kwenda kwao Kigoma, imefungwa kwenye bahasha yenye jina la mpwa wangu na orodha ya yaliyomo. Asubuhi ya Krismasi alinipigia. Alikuwa ameisoma orodha yote na akataka kujua kwa nini vitabu vya Historia ni vichache kuliko vya Jiografia.

Baada ya mwaka mpya dada alirudi Barabara ya Lumumba, kwenye duka la kwanza, akatoa advansi ya shilingi 200,000 na kupewa risiti iliyoandikwa modeli, bei na namba ya simu ya mwenye duka. Mzigo uliingia siku sita baadaye, tarehe 8 Januari 2025. Ulikuwa na vishikwambi vinne safari hii, kimoja cha laini na vitatu vya waifai. Alichukua cha waifai kwa shilingi 630,000. Zilizopungua nilijazia mimi na shemeji. Mpwa wangu alikuwa amechaguliwa shule ya bweni, ambako vifaa hivyo haviruhusiwi, kwa hiyo kitakaa nyumbani kwa ajili ya likizo na mdogo wake aliye darasa la nne atakitumia katikati, kwa masharti ambayo mpwa wangu mwenyewe ameyaandika kwenye daftari.

Mwenye duka alinisimulia baadaye, kwa heshima kubwa, jinsi mteja wake alivyokagua. Alisoma lebo ya boksi kabla ya sili kukatwa: SM-X210. Kifaa kilipowashwa alifungua mipangilio akasoma modeli na namba ya mfululizo (serial number) ya kifaa kwa sauti, akilinganisha na lebo, tarakimu kwa tarakimu. Risiti ya EFD ilipotoka aliisoma tena mara ya tatu, akaomba namba hiyo iandikwe pia kwenye kadi ya waranti. Wateja wawili walisubiri nyuma yake. Kisha akafungua bahasha niliyoituma Desemba, akamkabidhi binti yake memori kadi, naye akaitia mwenyewe kwenye tundu lake na kusimama pale kaunta akikagua kama vitabu vyote vinafunguka.